Njiwa Juu ya Bati

Isipingo, Jumapili, Agosti 1998

Kumbe amerudi kwangu! Tangu asubuhi niliogopa huyu njiwa atakwenda kwa Papa Kalala, Mkongo aliyeniuzia. Njiwa ukimnunua mkubwa hukumbuka banda lake la kwanza.

Tena katika mbio za leo aliwatangulia njiwa wote wa klabu. Ila alitua juu ya bati akagoma kuingia, na mbio hazihesabiwi mpaka pete ya mguuni itiwe kwenye saa ya klabu inayopiga muhuri wa muda. Robo saa nimetikisa kopo la mahindi, na kitambi changu hiki.

"Baba Asha, mwimbie," mke wangu akacheka. "Mimi si uliniimbia, nikaingia?"

Nikaimba. Akahamia bati la jirani.

Alipokubali kuingia, nimekuwa wa tisa. Jioni Papa Kalala akapiga simu: "Mzee, naangalia juu tangu asubui. Iko mawingu tu."

Nimemwambia aendelee kuangalia.