Simu Mia Tatu na Kumi na Mbili Kilimani

Mpendwa mshauri,

Msaada ninaouomba una tarehe ya mwisho, nayo ni ishirini na nane ya mwezi huu, kwa hiyo uniwie radhi nikikimbia kidogo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mtakwimu katika idara ya maafa ya jiji, na kwa mwaka mzima uliopita kazi yangu imekuwa moja tu, kuchora ramani inayoonyesha ni wakazi wa mitaa gani watakaoumia zaidi mto ukifurika, na ramani hiyo hatukuichora kwa kupita nyumba kwa nyumba na madaftari kama walivyofanya waliotutangulia, bali kwa kumbukumbu za simu za mkononi tulizokabidhiwa na kampuni ya simu zikiwa zimeondolewa majina na namba, kila simu imepewa alama ya siri, ili tujue watu wanakaa wapi bila kujua ni akina nani. Kanuni yetu ni nyepesi: mahali simu inapotulia kuanzia jioni hadi alfajiri ndipo mwenye simu anapoishi. Idadi ya watu tunaizidisha kwa hatari ya ardhi yao, na mtaa unapata rangi. Penye nyekundu ndipo vitakapofungwa vipaza sauti vya tahadhari na ndipo mabasi ya kuhamisha watu yatakapopangiwa vituo. Penye kijani, tumeamua ujumbe wa simu utatosha.

Aibu yangu inaanzia hapa. Nina mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tano, mshonaji wa sare za shule na mjane wa miaka kumi na miwili, anaishi bondeni, hatua themanini kutoka ukingo wa mto, katika nyumba ile ile niliyokulia, naye ana shinikizo la damu na kila nikimuuliza kama anakwenda kliniki hunijibu, "Naenda, mwanangu, naenda," kwa sauti ya mtu asiyekwenda. Siku moja wenzangu wakiwa wametoka kwenda kula nilifungua faili tulilopewa kando kwa dharura tu, linalounganisha alama za siri na namba halisi, faili ambalo niliapa kwa maandishi kutolifungua bila mkuu wangu kuwa kando yangu, nikaandika namba ya mama mdogo, nia yangu ikiwa kuona tu kama simu yake imewahi kufika kliniki, na kliniki kweli haikufika hata mara moja, lakini nikaona jambo jingine nisilolitegemea: kwa miezi saba mfululizo mama mdogo hakuwa akilala kwake. Alikuwa akilala kilimani. Kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni anapanda, asubuhi saa moja anashuka.

Sitakuficha, mshauri, nilidhani amepata mwanaume.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikwenda, nikamkuta kwenye cherehani, mguu unakanyaga, pini zimejaa mdomoni, nikamwamkia, akaitikia kwa pua, nikaona nisipouliza mara moja sitauliza tena.

"Mama mdogo, siku hizi unalala wapi?"

Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wa sindano. "Nalala wapi? Kitanda si hicho, ulichokuwa ukikilowesha?"

"Nauliza tu. Nimesikia unaonekana kilimani."

"Kilimani kwa nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, kwa nani."

Akacheka hadi cherehani ikasimama. "Mwanaume! Kwa magoti haya? Mwanangu, mimi kilimani napeleka simu kwa Fundi Waya ikachajiwe, naiacha huko, asubuhi naifuata. Umeme si walitukatia tangu mafuriko yale, huu mwezi wa saba? Nilikwambia, ukaniambia pole. Au unataka kunioza kwa Fundi Waya? Ana meno matatu, na yote matatu anamenyea nyaya."

"Basi, mama mdogo, yaishe."

"Hayaishi. Na wewe nani amekupa habari za nyendo zangu?"

Nikamwambia ni majirani. Huo ni uongo wangu wa kwanza kwake tangu nilipomaliza shule.

Nikapanda kilima mwenyewe. Ni kibanda cha bati chenye rafu kwenye kuta tatu, na kila simu inayopokelewa hufungwa kwa mpira kikaratasi chenye namba. Ya mama mdogo ni arobaini na saba. Fundi Waya alinieleza kwa fahari kwamba bonde zima ni wateja wake na kwamba saa moja jioni hufunga kufuli, huacha simu zinachaji, huenda zake nyumbani. Kibanda hicho, mshauri, nilikuwa nakifahamu vizuri sana, kwenye ramani. Kina wakazi mia tatu na kumi na mbili. Sisi tulidhani ni hosteli. Na kwa kuwa mteremko nao tuliuhesabia hatari kidogo, na kidogo ukikizidisha kwa watu mia tatu si kidogo tena, kilima ambacho mto haujawahi kukigusa kimepakwa nyekundu, na bonde ni kijani. Picha za angani zilipoonyesha mapaa bondeni, mkuu wangu alisema hizo ni nyumba zilizohamwa baada ya mafuriko yale, nasi tukaandika hivyo.

Jumatatu nilijaribu kumgusia. Nilimuuliza, mkuu, vipi kama kuna watu wanaolala mbali na simu zao? Akacheka. "Nani siku hizi analala mbali na simu? Mke wangu anasema mimi nimeoa simu, yeye ni mgeni tu. Ramani imekwisha, mama, tusianze kuikuna." Tarehe ishirini na nane inakwenda kwenye baraza la jiji kutiwa saini, jina langu likiwa juu, na wiki tatu baadaye msimu wa mvua unaanza. Nikieleza nilivyojua, nitakuwa nimekiri kuvunja kiapo, na kazi imekwenda, pengine na kesi juu. Nikinyamaza, unaona mwenyewe. Nimemsihi mama mdogo ahamie kwangu msimu wa mvua, naye amejibu kwamba cherehani yake haitakaa kwenye sebule ya vioo kama maua. Je, nimhamishe kwa nguvu ninyamaze, au kuna njia ya kuisahihisha ramani bila kujitaja?

Ni mimi,
Mtakwimu Niliyepaka Kijani

*

Binti yangu mtakwimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pamoja na mama yako mdogo. Mara ya pili sikucheka.

Nianze na lile linalokutisha, ingawa silo kubwa kuliko yote. Ulifungua faili. Usiniambie kwamba ulimjali. Aliyekulea kwa uzi na sindano alistahili umshike mkono umpeleke kliniki, hakustahili kuchunguliwa. Wanaosoma ukurasa huu wa gazeti ni watu wengi, na karibu kila mmoja ana simu ambayo habari zake zimefika ofisini kwenu bila yeye kuulizwa. Kiapo chako ndicho kitasa pekee walichowekewa, nawe ulikifungua saa ya chakula cha mchana kama mtu anayefungua friji kuona kilichobaki. Hapo sina pole ya kukupa.

Pole ninayo kwa jambo jingine, nalo ni kwamba umefanya kazi ya mwaka mzima kwa bidii na ikatoka upande. Hilo huwapata watu waangalifu. Lakini hebu tazama ulivyolipokea. Kompyuta ilikuambia kwamba mjane mwenye magoti mabovu analala chini ya paa moja na watu mia tatu na kumi na mmoja, nawe ukamshuku mjane. Ulivaa viatu Jumamosi asubuhi kwenda kumhoji mtu mzima juu ya kitanda chake, na ramani ukaiacha ofisini imetulia, haijaulizwa swali hata moja. Mkuu wako naye akaona mapaa kwa macho yake na akaamua kwamba hayana watu. Mnafanana kuliko unavyodhani.

Tena umeandika kitu ukakipita haraka. Mama mdogo alikuambia umeme umekatwa, ukamwambia pole. Maana yake habari iliyoiangusha ramani yako ulikuwa nayo, umeletewa bure, kwa mdomo, na mtu unayempenda, muda mrefu kabla ramani haijakwisha. Sikuambii hivi ili upate kisingizio, uende ukadai kwamba ulijua kwa njia hiyo. Hukujua kwa njia hiyo. Nakuambia ili siku nyingine mtu akikusimulia shida ya nyumbani kwake, ujue kwamba hiyo nayo ni takwimu.

Sasa nikuonyeshe lile ambalo naona bado hujaliona, maana ungeliona usingeniuliza habari za kunyamaza. Bonde ni kijani, na penye kijani mmeamua ujumbe wa simu utatosha. Fikiria mto umepanda baada ya saa moja jioni. Idara yenu itatuma tahadhari kwa wakati, bila hitilafu yoyote, na simu mia tatu na kumi na mbili zitalia kwa pamoja kwenye rafu za Fundi Waya, namba arobaini na saba ikiwemo, ndani ya kibanda kilichofungwa, juu ya kilima kikavu. Kesho yake ripoti yenu itaandika kwamba ujumbe wote ulipokelewa.

Kwa hiyo hakuna njia ya pembeni, na ningeijua nisingekupa. Jumatatu asubuhi andika ukurasa mmoja. Sema ramani imekosea kilimani na bondeni, sema kwa nini, na kwenye ukurasa huo huo sema ulifungua faili, siku gani, saa ngapi, namba ya nani. Usitie machozi ndani yake. Nakala moja mpe mkuu wako mkononi, nyingine ipeleke kwa mwanasheria wa idara, ambaye ndiye atakayeamua habari ya kiapo chako. Hilo si lako kuliamua wala si langu. Kisha mwombe mkuu akusindikize kilimani jioni hiyo hiyo, saa kumi na mbili na nusu, msimame kando ya njia mkiwahesabu watu wanaopanda na simu na kushuka mikono mitupu. Kwa hilo hahitaji faili wala alama ya siri, anahitaji viatu tu. Ukiona anasitasita, mwambie aende na mkewe, atafurahi kuona mahali ambapo watu na simu wameachana.

Akikataa, ukurasa ule upeleke kwa katibu wa baraza kabla ya tarehe ishirini na nane, na upate muhuri wa kupokelewa. Wakati huo huo omba orodha ya mitaa isiyo na umeme, uiweke juu ya ramani yako, maana sidhani Fundi Waya ni peke yake jijini. Halafu bonde lihesabiwe kwa madaftari, mlango kwa mlango, pamoja na watoto na wazee ambao hawana simu ya kulala popote.

Utafukuzwa? Inawezekana. Sitakudanganya ili ulale vizuri. Ila hilo la kumhamisha mama mdogo peke yake lifute kabisa akilini. Siku utakapobeba cherehani yake kuipeleka kwenye sebule yako utakuwa umekiri mbele ya majirani zake wote kwamba unajua maji yanakuja, na kwamba umewaachia wao rangi ya kijani.

Limebaki moja, na hili ni la leo, usilingoje Jumatatu. Mama mdogo anaamini majirani wamemsengenya, na kwa jinsi ulivyomweleza, huenda ameshaacha kuwasalimia watu wasio na kosa. Mweleze ulichofanya, umwombe radhi, na mkubaliane siku ya kliniki mtakayokwenda pamoja. Usimpigie. Gazeti hili wengi hulisoma jioni wakitoka kazini, na saa hizi simu yake unajua ilipo. Nenda kwa miguu.