Majibu Niliyotoa Wodini

Jumamosi, 13 Julai 2024
Nimepata mjukuu! Wa kike, nywele zimesimama kama brashi. Kani binti yangu kapasuliwa, dawa bado zimemlewesha. Sista kaja na kimashine, kamtia mtoto kidude sikioni. Masikio yote mawili yamepita. Halafu akatoa kadi ya maswali, nikajibu mimi. Wazazi wana undugu? Sasa, mama wa kitanda cha pili alikuwa ametoka tu kusema ndiyo, mume ni binamu yake — kasomewa mahubiri, wodi nzima inasikia. Mimi nikasema hapana. Wakati Kani kaolewa na Thangaraj, mdogo wangu tumbo moja, nimewaozesha mwenyewe! Lakini mtaa wetu nani hajaolewa na mjomba wake? Kiziwi kwenye ukoo? Hapana. Dada yetu Rasathi, marehemu, hakuwahi kusikia kitu, ila mama alisema ni homa. Basi. Sista kaandika, kaenda zake.

Jumanne, 10 Septemba 2024
Mtoto wetu Yazhini hana usumbufu kabisa. Leo nimeangusha sufuria la dengu, kelele mpaka jirani Pappathi kachungulia. Mtoto kalala. Pappathi ana wivu, mjukuu wake analia akisikia hata mlango. Nimemwambia watoto wa kwetu wana adabu.

Alhamisi, 31 Oktoba 2024
Dipavali, sikukuu yetu ya taa. Alfajiri tumeoga kwa mafuta ya ufuta, sari mpya, idli, vile vikate vya mchele vya mvuke, za kutosha. Kisha Thangaraj kawasha mkufu wa fataki mlangoni. Mimi mwenyewe nimeziba masikio. Mjukuu wa Pappathi kalia mpaka kapauka. Yazhini mapajani kwangu — anachezea herini yangu. Hata kope hakupepesa.
Thangaraj kasema huyu si mwoga, kamfuata baba yake. Watu wamecheka. Mimi nimecheka kuliko wote.

Ijumaa, 1 Novemba 2024
Nimegonga sahani ya shaba nyuma ya mgongo wa Yazhini. Mara tatu, hakuna. Ya nne kageuka — au kaona kivuli changu? Kani kaniuliza nafanya nini. Nasafisha sahani.

Jumapili, 3 Novemba 2024
Pappathi kaja, nimempa habari za mtaa mzima. Mkwe wa fundi cherehani karudi kwao, nani kamnyima nani chumvi, yote. Hii moja ya Yazhini imenikwama.
Jioni Kani mwenyewe kasema, mama, mbona nikimwita hageuki? Nikamwambia watoto hawafanani. Kasema kesho hospitali.
Nilipaswa kumwambia palepale. Nikaenda kukaanga vitunguu.

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Niko kwenye benchi la hospitali, naandika nyuma ya karatasi ya dawa.
Foleni ndefu. Sista ni yuleyule wa wodini. Kani kamweleza habari ya fataki. Sista kaangalia kadi. Kasema mtoto alipita mashine, na kadi ni safi, haina cha kututia wasiwasi. Angekuwa na jambo kwenye ukoo wangeshamwita tena zamani, maana wengine wanapita siku ya kwanza, masikio yanawapotea baadaye. Na wa hivyo wakisaidiwa mapema, kabla ya miezi sita, wanapata maneno. Wakichelewa ni kazi. Huyu arudi kwenye chanjo ya miezi tisa.
Kani kashusha pumzi, kaanza kukunja nepi. Anatabasamu! Anataka twende.
Miezi tisa. Nimehesabu kwa vidole chini ya sari.
Nikasema, "Sista, hiyo kadi niliijibu mimi. Na niliijibu uongo."
Nikasema yote. Thangaraj. Rasathi. Mpaka ile homa aliyoisema mama, ambayo nadhani haikuwepo.
Sista hakunihubiria. Ingekuwa afadhali. Kachukua kadi nyingine, kafungua kalamu, kamgeukia Kani, kana kwamba mimi sipo.
Kani kasema, "Mama, siku zote hizi unajua?"
Nikachukua nepi aliyoikunja, nikaikunja upya.
Sasa sista kaenda kumtafuta daktari, ndani wana mashine ya kupima masikio kwa nyaya za kichwani. Kani kahamia benchi la mbele, kanipa mgongo. Mtoto kamwacha huku kwangu, kalala, sijui kasahau au vipi. Simu ya Kani iko hapa kwenye mfuko wa nepi, ubavuni mwa mtoto. Ni Thangaraj, anataka kujua tumeambiwa nini. Inalia kwa sauti ya juu kabisa, benchi zima linatuangalia, Kani hageuki kuipokea. Imekatika. Inalia tena.
Mtoto amelala.