Panya wa Chini ya Gunia

Mama,

Asubuhi alibisha hodi hapa nyumbani mama mmoja kutoka Kizuka, simjui, akitaka kununua ndagala, hawa dagaa wetu wa ziwani. Nilipoinua gunia la ndagala, chini yake palikuwa na kiota cha panya.

Usifagie vinyesi vikiwa vikavu, vimwagie kwanza maji ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Ni vidogo kama punje za mchele, kwa hiyo ni panya wadogo, si wale wakubwa wa mferejini. Mdogo wangu Mansuri azibe tundu la chini ya mlango kwa waya wa kusugulia sufuria na simenti. Hata penye upana wa kidole wanapita.

Laiti ungewaona watoto wao! Macho bado yamefumba, ngozi nyembamba mpaka maziwa yanaonekana tumboni. Mama yao alipita mbele ya miguu yetu, akambeba mmoja kwa mdomo hadi nyuma ya kabati, akarudi kumchukua mwingine. Akarudi tena.

Mgeni akavitazama vitabu vyangu mezani, akacheka. "We mutoto, ulisoma yote hiyo ili umuhurumie panya? Ndagala iko na panya, mimi sinunui." Akaenda zake.

~~Mtego tuuache kwanza, mpaka watoto wakue.~~

Hapana. Jioni yanaingia magunia mapya, ndiyo riziki yetu, na jana, ulipoona vinyesi, nilikuahidi kwamba nitawamaliza panya. Nimetega mtego wenye karanga kando ya ukuta, palepale anapopita.

Nawe Mansuri, ukisikia mtego umefyatuka, usinipigie simu huko Kabezi ninakokwenda leo kuniambia.

Binti yako,
Asma