Godoro Alilolipendekeza Mama

Kaka yangu Chapchap,

Pokea salamu za dada yako dobi, zimenyooshwa vizuri ingawa mnyooshaji mwenyewe amekunjamana. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na wanao, na kile kifua cha mtoto wa mwisho kimeshapoa. Mwambie wifi yale mashuka aliyonizawadia bado nayatandika, na kila mgeni anaulizia yalikotoka. Sisi huku miili haijambo. Baba anakula, anatembea hadi kona na kurudi, macho yanamsumbua lakini hataki kusikia habari ya miwani mipya. Kasoro iko rohoni, na ndiyo sababu ya karatasi hii.

Utashangaa kwa nini sikukupigia. Kaka, simu yangu nimeichukia. Nimeifungia kabatini chini ya mataulo, na nikilazimika kuishika nanawa mikono. Nawe unanijua, mimi si mtu wa kuona kinyaa ovyo. Mashuka ya wagonjwa nimefua, nepi nimefua, na mifukoni mwa suruali za watu nimetoa vitu ambavyo wake zao wakiviona nyumba haikaliki. Navitia kwenye bahasha ndogo, naandika jina, namkabidhi mwenyewe bila kumtazama usoni. Tabia hiyo nimeirithi kwa Baba. Unakumbuka enzi zake posta, zile kadi za salamu zisizo na bahasha, alivyokuwa akizigeuza maandishi yatazame chini asije akayasoma kwa bahati mbaya? Ndiyo maana Mama akambandika jina la Bahasha, na kila asubuhi akawa anamtania, "Bahasha, umefunguka leo?"

Sasa sikiliza. Tangu ulipompa Baba ile simu baada ya mazishi ya Mama, ukamwonyesha na ukurasa wake mtandaoni ili awe anatazama picha zake, yeye kila asubuhi anaoga, anavaa shati, anakaa mezani jikoni na kubonyezabonyeza kwa kidole kimoja. Nilidhani anasoma habari za dunia. Nikafurahi kwamba mzee kapata la kumshughulisha, nikawa nampitishia chai kimyakimya.

Siku moja karani wa benki akaja dukani kuchukua suti yake. Mtu wa watu, mcheshi, sina ugomvi naye. Wasichana wangu walikuwa mezani wananyoosha, naye akaanza kuwasomea kitu kwenye simu yake, akisema kuna kizee huko mtandaoni kinamwandikia marehemu mkewe, watu hawana mbavu. Akasoma kwa sauti ya kutetemeka, anaigiza uzee. Kizee kilisema kimelala tena kwenye lile bonde la godoro, upande wa mkewe, ndipo kikapata usingizi. Kikasema kinakumbuka kilivyokuwa kikimwosha wodini, naye akikiomba kigeuze uso, nacho kinageuza, kinaosha kwa kupapasa. Wasichana wakacheka. Mwisho karani akasoma saini: ni mimi, Bahasha wako.

Nilikuwa na pasi mkononi. Kola ya mteja iliungua nikiwa naitazama.

Nikamwomba karani anionyeshe. Kaka, niliona mwili wa mama yetu umeanikwa kwenye kamba ya barabarani. Chini yake vicheko, watu wasiomjua wanaulizana kama alikuwa akinuka. Na pembeni mwa maneno hayohayo, matangazo: nepi za watu wazima, dawa ya mgongo, chai ya kuleta usingizi kwa wajane. Mtu analia, na wenye bidhaa wamekaa mlangoni wamepanga biashara wakisikiliza anacholilia. Nilimrudishia simu yake, nikaenda nyuma ya duka kunawa mikono.

Jioni nikamuuliza Baba, taratibu. Alinishangaa. Akasema ukurasa una jina la Mama juu yake, kwa hiyo alichoandika ni cha Mama. Nani mwingine afungue kitu chenye jina la mwenzake? Aliniambia kwa subira, kama anayemfundisha kazi mgeni wa posta. Nilipomweleza kuwa pale hapana bahasha, kwamba ni ukuta na kila apitaye anasoma, aliigeuza simu ikatazama chini. Kisha akauliza kama lile la kuosha nalo limesomwa. Nikasema ndiyo. Akaanza kufunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, hadi cha shingoni, na joto lote lile.

Hapo ndipo alipoachia simu, nami nikasoma yote. Na hapo ndipo nilipokuta kitu kichafu kuliko vyote nilivyowahi kushika. Mama alikuwa anajibu.

Sitanii. Kwenye ukurasa wake, chini ya picha yake na kile kitambaa cha njano, Mama anamjibu Baba. Anamwambia, "Bahasha, umefunguka leo?" Anamuuliza kama amekula. Halafu siku ile Baba alipoandika habari ya bonde la kitandani, Mama akajibu kwamba godoro hilo limechoka kama wao, kwamba yapo mapya yasiyobonyea, akataja na jina la duka. Unalikumbuka lile godoro jipya nililokusimulia, nikakuambia nashangaa mzee kalinunua bila kutuuliza? La zamani alilitoa nje likachukuliwa na wabeba taka. Kaka, alilala kwenye alama ya mwili wa mkewe, akamwandikia mkewe kuhusu alama hiyo, na kuna mashine ikasoma ikaona godoro limebonyea tu. Ikavaa mdomo wa mama yetu ikamuuzia jingine. Nguo zote zina sabuni yake, lakini hili sijui nilifulie nini.

Nikajiuliza imeyatoa wapi maneno ya Mama. Lile la kufunguka hakuwahi kuliandika hadharani. Alilisema nyumbani, na alipolazwa akawa anamwandikia Baba faragha mtandaoni humohumo, kupitia simu yangu. Nikawaandikia wenye mtandao. Wakanijibu kwa adabu nyingi, wanasikitika, wananipa pole, hadi nikahisi napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Wakasema ni huduma ya kuendeleza kumbukumbu. Haianzi mpaka msimamizi wa ukurasa akubali ujumbe wote wa marehemu utumike, hata wa faragha, na ni yeye peke yake anayeweza kuifunga. Wakanitajia jina la msimamizi aliyekubali.

Ni wewe, Chapchap. Mama alikupa neno lake la siri kwa simu akiwa wodini, na ulipoulizwa kama ungependa sauti ya mpendwa wako iendelee kusikika, ukabonyeza. Nina hakika hukusoma. Ulikuwa umesimama mahali, funguo za gari mkononi, ukabonyeza ili kile kitu kiondoke machoni. Mama hakukosea kukupa hilo jina. Sikuiti mwovu. Lakini nilipoona jina lako nilikuonea kinyaa, nawe ni damu yangu, na nimeona nikuambie mwenyewe kuliko ulisikie kwa mwingine.

Ningeweza kuishia hapa. Lipo jingine, na hilo ndilo lililonikalisha niandike.

Nilimuuliza Baba kama kweli aliamini ni Mama. Akanicheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi. Akasema yeye amezeekea posta na hajapata kuona barua ikirudi kutoka kaburini. Alijua tangu jibu la kwanza kwamba yuko mtu nyuma yake. Akapiga hesabu zake: mwenye funguo za ukurasa na anayeyajua maneno ya Mama ni nani? Ni mwanawe wa kwanza. Akaamini kwamba wewe, ambaye hukuwahi kufika wodini hata mara moja, ulikuwa na jambo limekukaa kooni na umeona haya kulisema kwa jina lako, ukajificha nyuma ya mama yako ili umsalimie baba yako kila asubuhi. Hakutaka kukufedhehesha. Akakusitiri kama alivyozisitiri zile kadi. Na godoro alilinunua kwa sababu alisema mtoto aliye mbali ameuwaza mgongo wake, angekataaje?

Sijamwambia kwamba si wewe, ni mashine. Sasa haandiki tena, kwa aibu ya wale wasomaji, lakini bado anaoga, anavaa shati, anafunga kifungo cha shingoni, anakaa mezani na simu mbele yake kusubiri salamu yako. Juzi ulimshauri anunue dawa ya kusafishia meno ya bandia. Alinionyesha akitabasamu, akasema ndugu yako siku hizi amekuwa mchuuzi, lakini angalau ananikumbuka.

Kwa hiyo nakuomba, na kuomba kwenyewe ni kwa heshima tu ya ukubwa wako, funga ukurasa ule. Ila kabla hujaufunga mwandikie. Kwa mkono wako, kwa jina lako, kwenye karatasi, uibandike bahasha vizuri na gundi ishike. Mwambie kwa nini hukufika wodini. Mimi sitaisoma, nitampelekea mezani na chai yake na kurudi zangu dukani.

Nisalimie wifi sana, na wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Baba naye anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia, alinituma nikushukuru kwa lile godoro, na nikuambie mgongo haujambo kabisa. Si kweli, kaka. Namsikia kupitia ukutani akijigeuza upande wa Mama, akitafuta bonde.

Ni mimi mdogo wako,
Dobi.