Kamba za Viatu vya Elia

Kaka Elia,

Shikamoo. Ungekuwepo ungenicheka, maana hukupenda nikuamkie. Ulikuwa unasema tumepishana kidogo tu, nakuzeesha bure. Leo pokea. Nimekaa uani kwa kina Bakari, yule golikipa wetu wa Chumbageni, mama yake anakaanga samaki hapa pembeni. Naogopa, kaka. Nimelisema mapema nisije nikazungukazunguka nikaliacha.

Mama bado anaishi Maramba. Magoti yanamsumbua lakini nani atamwambia apumzike? Redio yake kampa jirani. Siku nikicheza anashika jembe anakwenda shamba, hata kama hakuna cha kupalilia. Zamani nikimpigia baada ya mechi alikuwa anauliza, "Mmeshinda?" Siku hizi anauliza, "Umemaliza?" Nikisema nimemaliza, anasema Bwana asifiwe, anakata simu.

Na mimi nimepanda. Winga ya kulia uliyoiacha ndiyo nachezea. Unakumbuka ligi ya wilaya, tulivyokuwa na pea moja ya viatu? Wewe kipindi cha kwanza, mimi cha pili, unanivulia pale kwenye mstari bado vina joto la miguu yako. Kisha ligi ya mkoa, tukisafiri tunalala madarasani, juu ya madawati, mbu wanatula. Kisha daraja la kwanza, wali maharage msimu mzima, na mwalimu wetu anatuambia njaa inaongeza mbio. Yote hayo nimeyapita. Sasa timu ya Ligi Kuu, kaka, ile Ligi Kuu tuliyokuwa tunaiota, imenitaka. Wanasema nipimwe afya kwanza, halafu nisaini. Na kipimo cha kwanza walichokitaja ni moyo.

Hapo ndipo nilipokwama.

Siku ile yako inanirudia. Mzee Kombo wa kamati ya ufundi, kamati ambayo kila timu inayo na hakuna timu inayokiri, alitwambia getini pamefanyiwa mambo ya uchawi, wote turuke ukuta. Tukaruka, na ukuta ule una vigae vya chupa juu. Wewe ukakataa. "Mimi nimebatizwa, na suruali yangu mpya. Napita mlangoni." Ukapita, ukamwamkia na mzee wa tiketi, ukatungoja ndani unatucheka tulivyochanika.

Kipindi cha pili ukaanguka. Mpira ulikuwa upande mwingine kabisa, hakuna aliyekugusa. Tulikuwa tunaongoza, mwamuzi akadhani unapoteza muda, akawa anakuonyesha saa yake. Mimi nilikuwa benchi. Na mimi nilidhani hivyo hivyo, kaka, nikacheka.

Msibani habari ilikuwa moja tu, geti. Angeruka ukuta angekuwa hai. Daktari aliyekupokea alisema moyo wako ulikuwa umetanuka, na ugonjwa ule hutembea kwenye ukoo, mdogo wako nije nipimwe. Baba mkubwa naye akasema babu alikwenda hivyo hivyo kule Amani, kasimama katikati ya mistari ya chai, akadondoka na kikapu mgongoni. Watu wakaitikia "Ee, pole," wakarudi kwenye geti. Na mimi nikarudi nao. Geti lina dawa, unaruka ukuta yamekwisha. Moyo utaurukia wapi?

Basi tangu hapo nimeruka kuta zote za mkoa huu. Paja la kushoto nina makovu.

Sasa sikiliza lililonileta kwenye karatasi. Majuzi, mazoezini, nilikuwa nimekimbia na mpira hadi kwenye kibendera. Moyo ukapiga, ukanyamaza. Ulinyamaza kweli, kaka. Halafu ukarudi unakwenda mbio bila mpangilio, macho yakaingia giza pembeni. Sikutaka mtu aone. Nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Bakari akapiga kelele kutoka golini, "Kamba mdogo huyo! Damu nzito!"

Wote wakacheka. Mimi nikabaki nimeinama, nimeishika kamba ambayo wala haikufunguka. Maana ndilo jina tulilokupa, Kamba. Kila mechi, kila mazoezi, Elia kainama anafunga viatu. Tulikuwa tunakwambia ununue viatu vya wazee visivyo na kamba. Mama alikuchagulia kamba mpya sokoni, ndefu, za kuzungusha mara mbili, na bado unainama. Ulikuwa unajibu, "Kiatu kikilegea mbio hazina maana," na sisi tunacheka.

Ulijua? Niambie, kaka. Ulikuwa unausikia ukinyamaza, unaungoja urudi, halafu unainuka unatutania? Ulikuwa na nani pale chini? Usiku ule nimekulilia upya, na nimekukasirikia. Uliniachia winga, uliniachia viatu, hili ukaondoka nalo.

Lakini ningekuwa wewe ningesema? Mbona mimi mwenyewe mwanzoni sikusema? Mzee Kombo ameninong'oneza kuna timu huko bara haimpimi mtu, wananichukua hata kesho. "Unataka kucheza au unataka kujua?" ndivyo alivyoniuliza. Jibu lilikuwa mdomoni kabisa. Kucheza. Sijui kazi nyingine mimi. Wakiniambia moyo mbovu, nitamrudia Mama na nini mkononi? Wasiponiambia, ataletewa simu nyingine kama ile yako, akiwa shambani na jembe. Nimekaa katikati ya hofu hizi mbili siku kadhaa. Bakari nilimwambia jana. Hakucheka. Alisema, "Yona, dua nitakusomea, lakini hospitali tunakwenda."

Nimempigia na Mama. Nilidhani atalia. Akasema, "Nangoja kupambazuke nije." Amefika asubuhi, yuko ndani anapiga pasi shati langu, kana kwamba nakwenda kipaimara.

Kesho basi. Nitapita getini, pale hospitali, kama ulivyopita wewe, na nitamwamkia mzee wa mlangoni. Watakachokiona watakiona. Naogopa, sikufichi.

Kwaheri, Kamba. Mama ana mimi tu sasa, nitamtunza. Na wewe nakuahidi jambo moja: wakiniruhusu kurudi uwanjani, siku utakayoniona nimeinama, ujue kamba imefunguka kweli.

Mdogo wako,
Yona