Kigari cha Mama Mkwe na Chupa Namba 27

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kasafiri kwa dada yake mpaka Jumamosi. Kaniachia ufunguo wa kabati la vioo. Mimi! Miezi minne tu ya ndoa! Mume wangu mwenyewe hajawahi kuushika. Ndani kuna sahani za wageni na kile kigari chake – Morris Minor ya chuma, inaenea kiganjani, rangi ya damu ya mzee. Wanafunzi wake walimpa siku alipostaafu ualimu wa udereva, maana gari alilowafundishia lilikuwa Morris kama hii. "Futa vumbi tu," kaniambia. "Usikiendeshe." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 4 Machi
Nimekiendesha.

Mezani tu, kidogo, na honi ya mdomo – piiip! Kona ya pili kikaenda chini, kwenye vigae. Bampa zima, milango mizima. Lakini madigadi ya mbele kushoto rangi imebanduka, chuma kimebaki cheupe pee. Mungu wangu! Miezi minne ya adabu, nimeimaliza kwenye kona moja.

Jumatano, 5 Machi
Nimekipeleka saluni, kimefungwa kwenye kitambaa. Mimi kazi yangu kupaka kucha, rangi nazijua. Ya kufanana ni moja tu: namba 27. Ile ile iliyopotea mkobani mwangu mwezi jana, nikamnunia msusi wetu siku tatu nikidhani kaichukua yeye. Nikafungua chupa mpya. Tone moja, likakauka – huwezi kujua!

Nikachukua pamba yenye asetoni nifute alama za vidole upande wa kulia. Pamba ikawa damu ya mzee. Rangi inatoka! Chini yake mkwaruzo wa zamani. Nikainusa ile pamba, nikaitazama kwenye mwanga. Hii si rangi ya gari. Hii ni namba 27.

Kuna mtu kanitangulia.

Alhamisi, 6 Machi
Mume wangu hata soksi zake hajui zinakaa wapi, kwa hiyo si yeye. Amebaki baba mkwe. Naye ni fundi, kapiga magari rangi miaka thelathini!

Asubuhi nimeiweka chupa kando ya kikombe chake. Chai ikampalia. "Wewe Bibi Kucha" – tangu harusi hajaniita kingine – "umejuaje?" Kumbe alifungua kabati kwa bisibisi amwonyeshe jirani, kikamponyoka. Rangi ya gari hawauzi tone moja, anasema, na mkoba wangu ulikuwa wazi. Nimecheka mpaka machozi. Kasema nikimtaja, atanitaja.

Ijumaa, 7 Machi
Tumefanya kazi pamoja, meza ya jikoni. Yeye kashika kigari, mimi brashi. Ananifokea: nyepesi! Iache ikauke! Rudia! Kanisimulia kwamba wanafunzi wakigonga ukuta, mama mkwe alimletea yeye gari. Wakagonga weee, mpaka yeye na mama mkwe wakaoana. Na mama mkwe alilikagua kila mara kabla ya kulichukua. Hajawahi kupitwa na doa, anasema.

Jumamosi, 8 Machi
Karudi. Hata viatu hajavua. Kanifungulisha kabati, kakiweka kigari mezani na kukizunguka kama alivyofundisha watu: matairi, taa, vioo, bampa. Akafika kwenye madigadi. Akainama. Akanusa!

"Hili gari limetoka saluni."

Katukalisha wote. Nimeomba kwenda chooni, ndiko ninakoandika, daftari gotini, ufunguo mfukoni. Nawasikia huko sebuleni. Mume wangu anauliza chakula kiko wapi – jamani! Mama mkwe anauliza nani alianza. Baba mkwe anakohoa. Anakohoa tena.

"Mwalimu, tusikilizane. Huyu mwanangu –"

Mwanangu! Miezi minne Bibi Kucha, leo mwanangu! Sijui ananitetea au ananiuza.

Mlango unagongwa. Ni mama mkwe. Anasema nitoke, nije na ufunguo, na ile chupa nisiiache – kumbe baba mkwe kasema yote. Natoka.