Njia ya Kupitia Jikoni

Mtaa wa Kinu,
Hornburg.
9 Novemba 1986

Mpendwa mdogo wangu Eckart,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Hilo goti lako limepoa, au bado linakutabiria mvua? Mkeo Consuelo hajambo, na watoto je? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Macho yananisumbua kidogo na mguu wa kushoto una mambo yake, lakini napika, nafua, na kanisani naenda mwenyewe. Baridi imeshaanza kung'ata.

Viazi mwaka huu vimekuwa vizuri, matufaha hovyo kabisa.

Kifo cha Bi Tolle wa ghorofa ya juu nilikuandikia wakati wa Pasaka. Sasa ghorofa yake imepata wenyewe: vijana wawili waliooana majuzi, Volker na Swantje, kutoka Braunschweig. Mume anafundisha shule, mke ana mimba. Ni kwa sababu yao nimekuwekea karatasi ndani ya bahasha hii. Usiiguse kwanza. Soma barua hadi mwisho.

Wewe unajua nyumba hii ilivyogawanywa, lakini watoto wako hawajui, basi wasomee hapa. Aliyeijenga alikuwa mfanyabiashara wa yale maua machungu ya kutilia bia. Mavuno aliyaanika darini, watu wakabanana vyumbani. Wajukuu zake wawili wakagombania urithi, na kwa kuwa nyumba ya boriti haikatwi kama mkate, mkubwa akachukua chini, mdogo akachukua juu. Mlango wa mtaani ukawa wa mkubwa. Ngazi ikawa ya mdogo, na ngazi yenyewe inaanzia jikoni kwa mkubwa! Hakimu akaamua kwamba wa juu apite jikoni mchana na usiku, yeye na watakaomrithi, wala asizuiwe. Nadhani walikuwa wamemchosha, akaamua kuwakomoa.

Inasimuliwa kwamba ndugu wale hawakusalimiana tena maisha yao yote. Mdogo alikuwa akipita macho juu kwenye boriti, kama anahesabu nyufa. Lakini jioni ambayo mdogo bado hajarudi, mkubwa hakufunga mlango.

Tangu hapo jikoni kwetu ni barabara. Unakumbuka baada ya vita, wale wakimbizi kutoka mashariki waliowekwa juu? Sisi tuko mezani, wao wanapita na ndoo, na magodoro, na siku moja na mbuzi. Mama akasema, "Haya, na mbuzi naye akaribie mezani!" Ukacheka mpaka supu ikakutoka puani.

Na najua utakalosema. Utasema, Irmtraud, ni wewe uliyenilalamikia miaka yote hii. Kweli. Kila barua nilikuandikia kuhusu viatu vya Bi Tolle na matope yake. Mwanamke yule alikuwa hapiti, alikuwa anakagua. Anafunua sufuria yangu bila hodi.

"Kabichi tena? Wewe utaota majani masikioni."

"Pita zako, mama. Ngazi iko pale pale."

"Naiona. Na chumvi umesahau."

Basi nikionja, kweli chumvi hakuna. Nikamchukia siku nzima. Mume wangu alipofariki, hakuniambia pole hata mara moja. Alipita tu, akirudi anapita tena, mara anakwenda kununua uzi, mara kiberiti. Nikajisemea, huyu ana wazimu, viberiti vyote hivyo vya nini? Sasa nimeelewa, na yeye yuko makaburini, siwezi tena kumwambia.

Toka Machi jikoni hapiti mtu, Eckart. Siku moja mwezi wa Agosti nilikwenda dukani kwa Bi Kassebaum kununua mkate, nikafungua kinywa, sauti haikutoka. Akaniuliza kama nina mafua. Nikamwitikia kwa kichwa. Haikuwa mafua. Siku nne nilikuwa sijazungumza na kiumbe.

Basi Volker na Swantje waliponunua, nilifurahi, usimwambie mtu. Nilipiga deki. Nilinunua kahawa nzuri. Wakaja na keki mikononi, wapole, wanang'aa, kwenye zulia wanakanyaga kama limetandazwa mayai.

"Bibi, tumesikia ulivyoteseka na hii njia," Volker akasema. "Watu wote mtaani wametuambia."

"Sisi hatutaki kukusumbua," mkewe akadakia. "Tutajenga ngazi yetu uani. Hii ya jikoni tutaiziba, nawe upumzike, Bibi."

Ningesema nini? Miaka arobaini nimeyatangaza mateso hayo mwenyewe! Bi Kassebaum alikuja siku ile ile kunipongeza: "Mwenzetu umepata bahati, hatimaye utakula kwa amani." Ofisi ya majengo ya kale imekubali, mradi wenye ghorofa ya chini waridhie, yaani mimi na wewe. Wakaniletea karatasi na kalamu, wote wananitazama kwa furaha. Nikatia sahihi. Nikasema na ahsante.

Na wakati wanasubiri jibu lako, unajua wanapitia wapi? Kwa ngazi ya mti, uani, mpaka kwenye dirisha la dari ambako zamani yaliingizwa magunia. Kwenye mvua! Na yule binti na tumbo lake! Niliwapigia kelele dirishani, "Shukeni mpite ndani, mtavunjika shingo!" Volker akapunga mkono: "Usijali, Bibi, hatutaki kukutilia matope!" Nikarudi nikakaa. Nikasikia hatua zao juu ya kichwa changu, na chini walikuwa hawajapita. Nililia, Eckart. Mwanamke mzima, nalilia matope.

Siwezi kuwaambia mwenyewe. Nimejaribu mara mbili, aibu ikanirudisha ndani. Watanionea huruma, na watoto wakikuonea huruma watakuja Jumapili na keki, wakae kiungwana, waondoke. Sitaki wageni. Nataka watu wanaopita.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, na sijawahi kukuomba kitu. Karatasi hiyo usiitie sahihi. Andika kwamba nyumba ya baba haitobolewi ukuta. Andika lolote, kwamba wewe ni mkaidi, kwamba huko Chile jua limekuharibu akili. Mimi hapa nitakulaani mbele yao kwa sauti, nitasema ndugu gani huyu, na wewe hutasikia. Wakasirike. Waniseme. Waburute gari la mtoto hadi katikati ya jiko langu, wakiangusha sufuria. Ila wapite.

Nisalimie sana Consuelo, na Matilde, na Rodolfo, na yule mdogo ambaye picha yake bado sijaletewa. Binamu Gisela wa Goslar anakusalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake, na safari zenu zote ziishie nyumbani.

Ni mimi dada yako akupendaye, ninayesubiri ukatae,

Irmtraud